Huyu Ana Roho

Katika biashara yangu ya vyombo vya jikoni vilivyotumika nimeitwa majina mengi, na karibu yote yana njaa ndani yake. Nimeitwa mlafi, mchoyo, bahili, mwenye tamaa, na kuna mama aliyekuja kuuza birika lake akaniita fisi mbele ya wateja. Sikukasirika. Mtu akikuita fisi halafu akabaki amesimama, bado anataka kuuza. Lakini kuna jina moja ambalo mke wangu amekataa katakata kunipa, hata siku nilizolistahili. Mroho. Hilo, alikuwa akisema, lina mwenyewe. Alilibeba tangu utotoni, akaolewa nalo, akazaa nalo, na nusura azikwe nalo.

Nilimkuta kwenye jiko la kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilikuwa kimenunua sufuria mpya za kupikia wafanyakazi, nami nikapata fununu kwamba zile za zamani zinatafuta pa kwenda. Nilizikuta zimeegemezwa ukutani, kubwa za kumkalisha mtu na mwanawe, masizi yamegeuka gome. Nikazigonga moja moja kwa kifundo cha kidole, kwa maana sufuria nzima hulia na yenye ufa hukohoa. Dada mmoja alikuwa amesimama kando, upawa mkononi, akinitazama vile mtu anavyomtazama paka wa jirani aliyeingia jikoni.

“Hizi zote nachukua,” nikasema. “Na ile pale mwisho.”

“Ile ina maharage ya watu.”

“Nitasubiri wamalize.”

“Na mwiko je? Na mimi mbona hujaniulizia bei?”

Wapishi wakaangua kicheko. Nikasema, “Dada, si useme tu kwamba mimi ni mroho, badala ya kunizunguka?”

Yeye hakucheka. “Wewe ni mlafi tu, kaka yangu. Mlafi anatafuta kujaza tumbo. Likijaa anafuta mdomo, anakwenda zake. Mroho ni mtu mwingine.”

“Mtu gani?”

“Mroho anataka na cha mwenzake. Ameshiba, bado anakitaka. Mwenzake hajaonja, yeye bado anakitaka.”

“Umemwona wapi mtu wa namna hiyo?”

“Kwenye kioo,” akasema, akanipa mgongo, akaanza kukoroga.

Nilidhani ni mzaha, na mzaha wa namna ile ulinipendeza. Nikarudi jikoni pale mara nyingi kuliko sufuria zilivyohitaji.

Kazi yake ilikuwa kugawa. Kupika walipika wengine. Yeye alisimama mwisho wa meza ndefu, foleni ikipita mbele yake, kila mtu na sahani yake. Alichota upawa mmoja, akaupitisha ukingoni mwa sufuria kufuta kilichozidi, akamimina. Meneja alipata upawa uliofutwa, mfagiaji alipata upawa uliofutwa. Kulikuwa na fundi wa mitambo, bonge la mtu, aliyejaribu kila siku kumchekea ili aongezewe. “Mama, mwili huu unaulisha kama wa mtoto wa shule!” Naye anamjibu, “Mwili wako uliuleta mwenyewe kazini, sikukuazima mimi.” Foleni nzima inacheka, na upawa unafutwa vilevile. Wakamwita Mama Sawasawa. Katika sehemu ambayo watu hugombana mpaka kwa chumvi, sikuwahi kusikia mtu akilalamika kwamba sahani ya mwenzake ni nzito kuliko yake.

Watu wakishaondoka, ndipo yeye alipokula. Alikwangua kilichoganda chini ya sufuria, akakiweka juu ya kifuniko kilichogeuzwa, akala amesimama. Nilipomwoa nilikuta na nyumbani ni vivyo hivyo. Angeniwekea sahani yangu, na baadaye ya binti yetu, akaketi kando akitutazama kama askari wa zamu, na tukimaliza anachukua kifuniko. Mimi ndiye muuza vyombo. Nyumba yangu ina sahani za kutosha kulisha harusi, za udongo, za bati, za maua na zisizo na maua, na mke wangu anakula kwenye kifuniko! Nikamwambia siku moja, “Watu watadhani nimekuoa bila kukununulia sahani.” Akanijibu, “Sahani ni ya mtu mwenye fungu lake. Mimi langu nilishakula zamani.” Kwenye biashara nimejifunza kwamba mtu akitoa jibu lililonyooka sana, ujue amelitayarisha miaka mingi, na ukilivuta kwa nguvu unavunja mpini.

Kwao hakuitwa kwa jina lake. Aliitwa Roho. Mama yake alilitamka taratibu, kama mtu anayepuliza chai ya moto: Roho wangu, njoo, Roho wangu, kaa hapa. Kaka yake, ambaye ni fundi cherehani, naye alimwita Roho, lakini kinywani mwake neno lilikuwa na mfupa. “Roho, umeshiba?” angemwuliza mezani mbele ya watu wote, na mke wangu angerudisha kipande mahali pake. Sisi wengine hatukuona kitu. Majirani walisema kweli, mwanamke huyu ni roho, roho safi, tazama anavyojinyima kwa ajili ya wenzake.

Nakumbuka jambo moja tu ambalo lingenifungua macho, nami nikalipita. Alipokuwa na mimba ya binti yetu, tulikwenda kliniki, na kabla mwuguzi hajamaliza kumpapasa tumbo, mke wangu akamshika mkono. “Ni mmoja?” Mwuguzi akasema ni mmoja. “Una hakika? Pima tena.” Akapima tena, ni mmoja. Mke wangu akalia pale kitandani kwa sauti. Nilifikiri alitaka mapacha, nikambembeleza: mmoja anatosha, mama, tutapata na wengine. Ndivyo nilivyo mjanja mimi.

Miaka ikaenda. Binti akakua, akapata kazi mji mwingine, akaolewa hukohuko. Kisha miguu ya mke wangu ikaanza kuvimba, uso ukawa unaamka umejaa kama wa mtu aliyelala kifudifudi. Hospitali wakapima, wakatuambia figo zimechoka, zote mbili. Akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, leo kwenda, kesho kupumzika, keshokutwa kwenda tena. Akakatazwa hiki na kile, na maji akapimiwa kwa kikombe. Hakulalamika hata siku moja. Mtu anayekula kwenye kifuniko, ukimnyima unamnyima nini?

Daktari, kijana mwenye adabu, alituketisha akatuambia wazi. Mashine itamsogeza, haitamfikisha mbali. Kinachohitajika ni figo ya mtu, na mtu wa damu yake ndiye bora. Mimi nilijitokeza, sukari ikanikataa. Binti akaja mbio, damu yake ikagombana na ya mama yake. Kaka akapimwa, na kila walichopima kikakubali, mpaka daktari akatabasamu.

“Ninazo mbili,” kaka akasema, “na moja sijawahi kuiona ikifanya kazi. Ichukueni.”

Mke wangu akasema, “Sitaki.”

Tukadhani anaogopa kisu. Daktari akamweleza kwa upole, akamchorea na picha. Akasikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema hataki. Binti akalia, hataki. Kaka akamwambia, “Acha utoto wewe,” hataki. Tukarudi nyumbani na jibu hilo.

Mimi riziki yangu yote nimeipata kwa watu waliosema hapana. Bei ya kwanza anayotaja mtu si bei. Ni uzio, na nyuma ya uzio kuna kitu anachokilinda. Nikaanza kuuzunguka. Nikamwambia habari ya binti, kwamba atataka mama siku ya kujifungua. Akasema mama mkwe wa binti ni mtu mzuri. Nikamwambia habari yangu, kwamba mzee kama mimi nikibaki peke yangu nitakula mikate mikavu mpaka nife. Akasema, “Utaoa. Una sahani nyingi.” Nikapandisha, nikashusha, nikajifanya nimekasirika, nikajifanya sijali. Sijawahi kushindwa biashara kama ile. Alikuwa akidhoofika mbele ya macho yangu, mikono imebaki fimbo, na sina cha kumpa abadilishane nacho.

Mwishowe nikaacha ujanja. Tulikuwa tumetoka kwenye mashine, ameketi kwenye stuli ya jikoni, hana hata nguvu ya kuvua viatu. Nikapiga magoti nikamvua. Nikasema, “Mke wangu, mimi nimeishiwa. Niambie tu ni kwa nini, na sitakuuliza tena.”

Akaitazama miguu yake iliyovimba.

“Mimi nilizaliwa na mwenzangu,” akasema.

“Mwenzako yupi?”

“Pacha. Hukuambiwa kwa sababu nyumbani hatajwi. Tulikuwa wawili. Mimi nikanyonya langu na lake. Yeye akafa.” Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, kama anayesoma bei ukutani. “Mkunga ndiye aliyesema. Kaka alimsikia. Jina unalosikia wananiita, limekatwa kichwa tu. Mimi ni mroho. Nimeshamla mmoja wa kwetu, sitamla wa pili.”

Nilibaki nimeshika kiatu. Nilitaka kusema kwamba mtoto mchanga hana hesabu, hajui hili titi la nani. Lakini aliyekaa na jambo miaka hamsini ameshajiambia maneno yote ambayo ungemwambia, na yamekataa. Nikaweka viatu mlangoni, nikatoka.

Kaka nilimkuta dukani kwake, anashona sare za shule, pini amezipanga mdomoni. Aliponiona akazitoa moja moja akazichomeka kwenye kijimto.

“Shemeji, amekubali?”

“Nani alimwambia dada yako kwamba alimla pacha wake?”

Mguu wake ulikuwa bado kwenye pedali, cherehani ikashona peke yake mpaka ikatoka nje ya kitambaa. Akaisimamisha.

“Ndicho anachokatalia?”

“Ndicho.”

Akafuta uso kwa kitambaa cha sare, sijui kama aliona ni cha mteja. “Nilikuwa mdogo, shemeji. Nimesimama mlangoni, nimefukuzwa chumbani. Mmoja hatikisiki. Mkunga amemnyanyua huyu mwingine juu, anamwambia mama: huyu ana roho. Mimi roho niliyoijua ni ile ya mezani. Kila siku mama ananiambia, acha roho, mwachie mwenzio. Una roho wewe, umechukua kipande kikubwa. Sasa nasikia huyu ana roho, na mwenzake amelala hana uhai. Nikajumlisha.”

“Na ukamwambia.”

“Baadaye. Tuligombania mkate, akanishinda. Nikamwambia, wewe hata mwenzio ulimla, mroho mkubwa. Akauachia mkate palepale. Nikaona nimepata silaha.” Akachomoa pini moja kwenye kijimto, akairudisha. “Nikiogopa mama asisikie, nikawa namwita Roho. Mama akasikia hivyohivyo, akafurahi! Akaanza naye kumwita. Mimi nikajiambia, basi ni kweli. Kama hata mama anamwita.”

“Hujawahi kumwuliza mama?”

“Utamwanzia wapi? Yule mwingine hatajwi.”

Watu huniletea birika na kuniambia halivuji, aliyeniuzia alisema halivuji, na yeye aliambiwa na aliyemwuzia. Siwezi kulinunua kwa maneno hayo. Natia maji, naliweka juu ya gazeti kavu, nasubiri. Nikamwambia kaka tutafanya hivyo. Tutamwuliza mama, na dada yako awe palepale asikie kwa masikio yake, maana mimi nikimpelekea maneno mfukoni atayaona kama mali ya wizi. Yeyote anayetaka sana kuuza haaminiwi, na mimi nilikuwa nataka sana.

“Na mama akisema ni kweli?” kaka akauliza.

“Basi birika linavuja.”

“Atakufa, shemeji.”

“Hata sasa anakufa.”

Nilisema hivyo kikavu, lakini nilipotoka pale dukani niliipita njia ya kwetu bila kuiona.

Mama mkwe wangu anaishi chumba cha nyuma katika nyumba ya kaka. Ni mzee sana, macho yanaona nusu, lakini vidole vinaona vizuri. Tulimkuta ameketi mkekani na ungo, anachambua maharage, mabovu na vijiwe anavitupa kwenye kopo. Mke wangu nilimwambia tunakwenda kumsabahi tu. Nikamshika mkono, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akihema.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Roho wangu, umekuja? Mbona mkono baridi?”

“Sijambo mama.”

Kaka hakuketi. Alisimama mlangoni, na nadhani hata yeye mwenyewe hakujua kwamba amesimama tena mlangoni. Akakohoa. Akasema, “Mama, siku ile tuliyompoteza mdogo wetu, pacha wake huyu. Mkunga alisema nini?”

Vidole vikasimama juu ya ungo. Mke wangu akaniangalia, na jicho alilonitupia sitalisahau; alijua ni mimi niliyempeleka pale.

“Nani amekwambia habari za mkunga?” mama akauliza.

“Nilikuwa mlangoni.”

“Ulikuwa mdogo.”

“Nilisikia, mama. Alisema huyu ana roho.”

“Ndiyo, alisema,” mama akajibu. Mke wangu akainamisha kichwa kama aliyepigiwa muhuri. Mimi nikaona gazeti linalowa.

Lakini mama alikuwa bado anaendelea. Vidole vilirudi kwenye maharage, na alisema bila kumtazama mtu. “Usiku kucha tulikuwa hatujui kama nitabaki hata na mmoja. Yule alitangulia kuzaliwa. Alikuwa hivi tu, kama kifaranga aliyelowa. Nikamwekea titi, mdomo haukushika. Nikamkamulia kwenye ulimi, yakatoka pembeni. Mkunga akasema mwache apumzike, roho ya huyu iko mbali. Huyu Roho wangu akaja nyuma yake. Naye kimya, wa buluu. Nikasema basi, wote. Mkunga akamgeuza, akampiga makofi, akampuliza. Halafu mtoto akapiga kelele mpaka ukuta ukasikia. Mkunga akamnyanyua, yule mama mwenyewe analia, akaniambia: mshike, huyu ana roho! Huyu anaishi!” Akatupa kijiwe kwenye kopo. “Ndipo nikapata nguvu ya kumfunika yule mwingine. Ninyi mlipoanza kumwita Roho, nilijua kaka yake amekumbuka. Nikasema Mungu amenipa watoto wenye mapenzi.”

Mke wangu akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “Na maziwa, mama?”

“Maziwa gani?”

“Ya mwenzangu.”

“Yalikuja, mwanangu. Mwili haujui mtoto amekufa. Yalikuja ya wawili.”

“Nikayanywa.”

Mama akageuza uso kumtafuta. “Wewe? Wewe ulikuwa unanyonya kidogo unalala, unanyonya kidogo unalala. Yalinijaa mpaka kifua kikawaka moto, nikashikwa na homa. Nilikuwa nakamua kwenye bakuli, naenda kuyamwaga nyuma ya nyumba. Nilimwaga mpaka pale mahali pakanuka, mbwa wakawa wanakuja kulamba. Ungekuwa mroho ningekushukuru. Ningelala japo usiku mmoja.”

“Uliyamwaga?”

“Nitayafanya nini? Yake yalibaki, mwanangu. Yalibaki yote.”

Mke wangu akalirudia lile neno bila sauti, nikaliona midomoni tu: yote.

Kisha mama, ambaye si mjinga, akaweka ungo chini. “Mbona mnaniuliza?” Akageukia mlangoni. “Wewe. Hilo jina ulilokuwa unamwita, ulikuwa unamwita nini?”

Kaka, mtu mzima mwenye mvi, alikwenda akachuchumaa mbele ya ungo, akaanza kuchambua maharage. Hakuchambua chochote, alichukua mazima na mabovu akayatupa yote koponi. Mama akamshika kifundo cha mkono akamzuia, wala hakumwachia.

Anayesubiri niseme kwamba waliangukiana shingoni, hawakuangukiana. Mke wangu aliomba nimrudishe nyumbani. Nyumbani alikula vijiko vyake alivyoruhusiwa, kwenye kifuniko kama kawaida, nami nikatazama pembeni. Neno lililokaa mwilini mwa mtu tangu utotoni halitoki kwa siku moja kama mwiba. Kwa siku kadhaa alikuwa akisimama nyuma ya nyumba yetu, akitazama chini, kwenye udongo mtupu.

Halafu tukiwa kwenye mashine, damu yake inazunguka kwenye mipira, akaniuliza, “Kaka akibaki na moja, ataweza kushona?”

“Daktari anasema ataweza.”

“Pedali ni kazi ya mguu. Ataweza kukanyaga kutwa?”

“Tutamnunulia mota.”

“Na asipozinduka?”

“Daktari amesema hatari ipo, lakini ni ndogo.”

Akafikiri. Nilijua ile sura. Ni sura ya mteja aliyeshakishika chombo na anatafuta tu namna ya kuondoka nacho bila aibu. Nikafunga mdomo wangu. Hapo ndipo wafanyabiashara wengi wanapoharibu, kwa kusema neno moja zaidi.

“Mwambie nakubali,” akasema. “Lakini atakapozinduka, yeye ndiye apewe chakula kwanza. Mimi nisipewe kitu mpaka niambiwe amekula.”

“Nitamwambia daktari.”

“Mwambie aandike.”

Daktari alisema katika masomo yake yote hajawahi kuombwa sharti kama hilo, lakini akaliandika.

Siku yenyewe niliikaa kwenye benchi la ukumbini, na sina la kusimulia juu yake. Walitoka hai wote wawili. Figo ya fundi cherehani, ambayo yeye hakuwahi kuiona ikifanya kazi, ilianza kazi ndani ya dada yake kabla hata hajazinduka vizuri, na manesi walikuwa wakiitana kuja kutazama mfuko wa mkojo kama watu wanaotazama mvua ya kwanza.

Baada ya siku chache kaka aliruhusiwa kutembea. Akaja wodini kwa dada yake akiwa amejikunja kama mkasi, mkono mmoja umeshika ubavu. Akavuta kiti, akaketi kwa kuguna.

“Umekula?” mke wangu akamwuliza.

“Nimekula. Mara mbili. Sasa hebu nionyeshe mshono wako.”

“Toka hapa.”

“Mimi wangu nimeuona. Yule daktari hajui kushona. Mishono mikubwa hivi, hata kiraka cha gunia huwezi kukishona hivyo. Nilitaka kumwambia lete sindano nirudie.”

“Usinichekeshe, kaka, nyuzi zitakatika.”

“Kwa ule uzi? Zitakatika hata usipocheka.”

Mhudumu wa chakula akaingia na kigari. Ilikuwa ndiyo siku ya kwanza mke wangu kuruhusiwa chakula cha kawaida, wali na mboga na kipande cha nyama, vimepakuliwa kwenye sahani nyeupe ya hospitali. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama. Kwenye kigari kulikuwa na sufuria na kifuniko chake, na nilimwona macho yake yakienda kwenye kifuniko. Kisha yakarudi. Akaanza kula.

Alikula polepole, bila kumtazama mtu. Mimi na kaka tulikaa pale tukimwangalia, zamu yetu ya kuwa askari. Alimaliza nyama, akamaliza wali, akakusanya punje za mwisho kwa upande wa kijiko. Mhudumu alikuwa ameshafika kitanda cha pili.

“Dada,” mke wangu akamwita. “Kuna kingine?”

Kaka akasema kabla hajafikiri, kwa mazoea ya maisha yake yote, “Mroho wewe!”

Neno likaanguka katikati yetu kama sahani. Niliona rangi ikimtoka kaka usoni, mdomo umebaki wazi. Mke wangu akamgeukia. Akamtazama muda mrefu, akiwa bado ameshika sahani tupu, na figo ya yule mtu ikifanya kazi tumboni mwake.

Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akajishika mshono kwa kiwiko. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anacheka na kuugulia. “Nilishakula figo yako,” akasema, “unaninyima wali?”

Mhudumu akarudi na sufuria, akachota upawa uliojaa mpaka unadondosha. Mke wangu hakuweza kuvumilia. “Futa ukingoni, mwanangu,” akamwambia, “unawapunja wengine.” Yule mhudumu akaufuta upawa ukingoni, na mke wangu akamsogezea sahani.